Kiapo cha uraia hakifiki dakika mbili

Mkono wa kulia juu, Biblia au Kurani mkononi. Asiyeapa kwa kitabu ana maneno yake ya kuthibitisha, na kisheria uzito ni uleule. Jina kamili, kisha ahadi: kuwa mwaminifu na mtiifu kwa Jamhuri ya Uganda, kuihifadhi Katiba, kuilinda na kuitetea. Basi, imekwisha. Mtu amesubiri miaka 20, na yote inaingia katika sentensi moja.

Usiku huu nawaandikia wenzetu wanaoongea Kiswahili nyumbani na sokoni, wale wa Kisenyi, wa Arua, wa Bombo, walioitwa kuapa au wanaotazamia kuitwa. Sherehe yenyewe ni fupi. Kinachoumiza ni yale ambayo mtu hakuambiwa kabla.

Kwanza lugha. Kiapo husomwa kwa Kiingereza, na aliyekuja bila kujiandaa hukifuata kwa sikio tu, kipande kwa kipande, kama mtoto anayefundishwa sala. Sheria inamtaka anayeomba uraia wa tajinisi, yaani uraia wa mgeni aliyeishi nchini muda mrefu, ajue vya kutosha Kiingereza au mojawapo ya lugha za asili zilizoainishwa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini katika hafla za serikali bado kinasikika zaidi pale unapopigwa wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, baada ya wimbo wa taifa. Pale ndipo unaona nyuso zikifunguka, maana hatimaye kila mtu anaelewa anachoimba. Natamani kiapo nacho kingekuwa hivyo. Kwa sasa, pata maneno yake mapema. Yaandike kwenye karatasi moja, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, uyasome kwa sauti wiki nzima. Neno la Kiingereza la utii, allegiance, ndilo linalokwaza ndimi nyingi, hasa kwa wenzetu waliosomea Kifaransa. Mtoto anayesoma shule ya hapa atakusahihisha vizuri kuliko mtu mzima. Ahadi ya namna hii haifai kutoka mdomoni kabla haijapita moyoni.

Pili cheti. Kisome ukiwa ungali ukumbini, kabla ya picha na kabla ya kukumbatiana. Kisome herufi kwa herufi, pasipoti yako ya zamani ikiwa wazi pembeni. Majina yetu ndiyo yanayoharibika: Mohamed kwenye kibali cha kazi, Muhammad kwenye pasipoti, Mohammed kwenye cheti cha ndoa. Kwa wanaotoka Congo, jina la ukoo linatangulia kwenye karatasi moja na kufuata kwenye nyingine, na jina la tatu linadondoka kabisa. Angalia pia tarehe ya kuzaliwa, maana siku na mwezi hubadilishana nafasi kirahisi. Kosa likionekana, rudisha cheti palepale kwa afisa aliyekutolea. Ukiligundua nyumbani, safari inaanza upya: hati ya kiapo kwa wakili, na kama jina lenyewe linabadilika, dipoli, yaani hati ya kubadilisha jina, na tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Herufi moja inaweza kukugharimu miezi, kwa sababu kila ofisi inayofuata itanakili kilichoandikwa pale.

Na wanaofika ukumbini ni wale waliotunza makaratasi. Kwa tajinisi, sheria inahesabu jumla ya miaka 20 ya kuishi Uganda, na miezi 24 ya mwisho kabla ya kuomba iwe mfululizo. Wengi wameishi hapa zaidi ya hapo, ila hawawezi kuonyesha. Pasipoti iliyokwisha muda imetupwa, na mihuri ya mipakani imekwenda nayo. Kibali kiliisha Machi, kipya kikatoka Agosti, na miezi ile ya katikati haina maelezo. Tafadhali, usitupe pasipoti ya zamani hata kama imeliwa na panya. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, inasaidia kuonyesha unapoishi, lakini haizibi pengo la vibali. Wapo watakaokuambia pengo hilo linazibika kwa pesa. Wakatalie. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu au rushwa unaweza kufutwa, hata baada ya miaka.

Kwa mkimbizi ni vigumu zaidi, na hili linaniuma. Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2015 kwamba hawezi kuupata uraia kwa kusajiliwa, ambayo ni njia nyingine ya kuuomba, ila njia ya tajinisi sheria haijamfungia. Nenda Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, uulize wangapi wameipita njia hiyo.

Kabla ya siku yenyewe, jua pia kiapo kitakufanyia nini kwenu. Uganda inaruhusu uraia pacha, nao huombwa, haujileti. Kenya inamruhusu raia wake wa kuzaliwa kubaki na wa kwao. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na Katiba ya Congo inasema uraia wa Kikongo hauchanganywi na mwingine. Mtanzania anayeapa Kampala ajue anaacha nini, aamue akiwa na utulivu na familia yake.

Watoto je? Hapa wazazi hushtuka. Ibara ya 10 ya Katiba inampa uraia wa kuzaliwa mtoto ambaye mzazi au babu au bibi yake ni raia wa kuzaliwa, au anatoka katika jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Orodha ya jamii hizo sasa ina majina 65, Wanubi wamo. Aliyeapa ukubwani hayumo katika maneno hayo, kwa hiyo usidhani cheti chako kinawafunika wanao. Ulizia habari yao mapema, kila mtoto na karatasi zake.

Ardhi, ndiyo, mlango unafunguka. Asiye raia anaweza kupata lizi tu, yaani kukodi kwa mkataba, isiyozidi miaka 99. Raia anaweza kumiliki ardhi ya mailo au friholdi, zisizo na ukomo wa miaka. Kura pia, ukishajiandikisha. Urais hapana: huo ni wa raia wa kuzaliwa.

Ukitoka ukumbini usikimbilie pasipoti. Anza NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, upate endagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa. Namba yako itakuwa na herufi na tarakimu 14, ikianza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke, na hiyo C ya mwanzo ndiyo inayosema wewe ni raia. Bila namba hiyo ombi la pasipoti haliendi popote.

Na beba bahasha ngumu ya ukubwa wa A4. Watu huja wamevaa suti na gomesi zilizopigwa pasi vizuri, halafu cheti kinaondoka kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, na mkunjo wa kwanza unapita juu ya jina.