Siku moja kwa fundi: draiva ya Windows ndani ya Linux

Saa 2:30 asubuhi. Mezani kuna kompyuta ya zamani ya biti 32. Debian, aina mojawapo ya Linux, imeingia vizuri, ila Wi-Fi haionekani. Kadi ni Netgear WG311v3 ya PCI. Naanza na `lspci -nn`, nayo inatoa 11ab:1faa, yaani chipu ya Marvell 88W8335. Hiyo nambari ndiyo ya kuamini kuliko jina la kwenye boksi: WG311 za toleo la kwanza na la pili zilibeba chipu za kampuni nyingine, kila moja na yake.

Saa 3:00. Je, Linux haina draiva (programu inayoendesha kifaa) yake kwa chipu hii? Ingekuwa Broadcom BCM4318 (14e4:4318), kazi ingeishia hapa: draiva ya b43 ipo, inadai femwea tu (programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe). Wengi hukimbilia draiva ya Windows bila kuuliza hilo, wakajitafutia matatizo ya bure. Lakini 88W8335 haina draiva ndani ya kerneli (kiini cha Linux), kwa hiyo tunaenda NDISwrapper, moduli (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli) inayoiwezesha Linux kutumia draiva ya Windows.

Saa 4:00. Mwenye kompyuta anapiga simu: "Fundi, si uweke tu ile CD iliyokuja na kadi?" Ni karibu na hivyo, mama, ila setup.exe haituhusu. Tunataka faili mbili, .inf (maelezo ya usakinishaji) na .sys (draiva yenyewe), za folda ya Windows XP. Zikiwa zimefungwa ndani ya kisakinishi, `cabextract` au `unshield` huzitoa. Za Vista na kuendelea usizichukue: nyingi zinatumia NDIS 6 (NDIS ni kiolesura cha Windows cha draiva za mtandao), na NDISwrapper inaijua NDIS 5 tu. Ukiilazimisha, `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli, itakuandikia "unknown symbol" ikifuatwa na jina kama NdisMRegisterMiniportDriver.

Halafu pima biti kwa amri ya `file` juu ya ile .sys. PE32 ni biti 32, PE32+ ni biti 64, na lazima zilingane na kerneli. Zisipolingana utaona "bad magic", na hapo hakuna ujanja ila kutafuta draiva nyingine au kuweka kerneli nyingine.

Saa 5:00. Kujenga moduli ya NDISwrapper kunahitaji `build-essential` na `linux-headers-$(uname -r)`. Kisha weka draiva, hakiki, na upakie moduli:

`ndiswrapper -i WG311v3.inf`
`ndiswrapper -l`
`modprobe ndiswrapper`

Amri ya pili inatakiwa kusema "driver installed" na pia "device present". Ukipata la kwanza bila la pili, .inf hiyo haina nambari ya kadi yako. Ikitaja "alternate driver", kuna moduli ya Linux inayogombea kadi hiyo hiyo. Iandike `blacklist` (yaani isipakiwe) ndani ya `/etc/modprobe.d/`, uwashe upya. Mafaili yanakopiwa `/etc/ndiswrapper/`.

Kinachotokea ndani ndicho kinachoeleza hitilafu zote. Faili la .sys ni msimbo wa mashine ulio tayari, na una orodha ya kazi (functions) unazozitarajia kwa Windows. NDISwrapper inaipitia orodha hiyo na kuelekeza kila jina kwenye kazi yake yenyewe: draiva ikiomba memori kwa NdisAllocateMemory, anayeitoa ni kerneli ya Linux. Kwenye biti 64 hata hoja (data inayopewa kazi) hupangwa tofauti. Windows huziweka kwenye rejista za prosesa rcx, rdx, r8, r9. Linux huanza na rdi na rsi, basi kila wito lazima upangwe upya njiani. Na kwa kuwa hakuna kuigiza prosesa, draiva ya x86 haitafanya kazi kwenye Raspberry Pi, hata ufanyeje.

Saa 8:00 mchana. Kujaribu. Draiva za Windows zimezoea staki (memori ya muda ya kazi zinazoendelea) ya takriban kilobaiti 12, na kerneli ya biti 32 inatoa 8, hivyo mashine ikiganda ghafla wakati wa kupakua faili kubwa, shuku hapo kabla ya kulaumu ruta. Usalama wa WPA2 unategemea draiva yenyewe. Kwa `wpa_supplicant`, programu inayounganisha Wi-Fi yenye nywila, tumia `-D wext`.

Saa 10:00. Laptopu ya FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux. Zamani nayo ilikuwa na mbinu hii hii, aliyoiandika Bill Paul, lakini iliondolewa kwenye FreeBSD 13.0 mwaka 2021. Siku hizi naipendelea wifibox: Linux ndogo inawashwa kama mashine pepe ndani ya bhyve (programu ya FreeBSD ya kuendesha mashine pepe) na kukabidhiwa kadi nzima, ikitumia draiva zake za asili. VT-d (uwezo wa prosesa za Intel wa kukabidhi kifaa kwa mashine pepe) lazima iwe imewashwa kwenye BIOS. Tafuta anwani ya kadi kwa `pciconf -lv`, iandike kwenye `bhyve.conf` mfano `passthru=2/0/0`, halafu nywila ya Wi-Fi iingie kwenye mipangilio ya wpa_supplicant ya wifibox. Inakula memori kidogo, lakini draiva ikianguka, inaanguka na mashine pepe peke yake.

Saa 11:30 jioni. Narudi kwa Debian. Naongeza `ndiswrapper` kwenye `/etc/modules`, nawasha upya, na nazuia kerneli isijisasishe kwa `apt-mark hold`, maana kerneli mpya ikiingia moduli hujengwa upya, na si lazima ikubali. Kompyuta isilazwe moduli ikiwa imepakiwa: `modprobe -r ndiswrapper` kwanza.