Lenzi ya Mtumba ya Milimita 135 kwa Jua la Mombasa

Mpiga picha wa kamera ya filamu anayezunguka Bandari ya Kale hachukui muda kuitamani lenzi itakayoyasogeza majahazi karibu kuliko inavyoweza ile ya milimita 50. Mimi natumia Pentax K1000, kamera iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na ushauri wangu kwa mwenye mfuko mdogo ni kwamba atafute milimita 135 ya f/3.5 iliyo safi ndani (namba ya f ni kipimo cha tundu la kupitishia mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), aachane na f/2.8 ya bei kubwa na zumu ndefu, yaani lenzi za kuvuta karibu na mbali, zenye madoa.

Tuanze na jua letu. Saa sita mchana, mbingu ikiwa haina mawingu, filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga) hutaka takribani f/11 kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde, na hiyo 1/1000 ndiyo kikomo cha shata ya K1000, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Ukilifungua tundu zaidi ya hapo, mwanga unazidi. Kwa hiyo ile f/2.8 uliyoilipia haina kazi mpaka jioni, na hata hiyo jioni inaizidi f/3.5 kwa chini ya hatua moja ya mwanga (hatua moja ni mwanga maradufu).

Milimita 200 inavutia, nakubali. Lakini kitu kikiwa umbali wa mita 100, fremu ya 135 hubeba upana wa mita 27 hivi, na ya 200 mita 18. Meli ya makontena yenye urefu wa mita 200 ikipita mita 500 mbele yako, ukiwa umesimama ufukweni Mama Ngina, haienei hata katika 135. Isitoshe, SMC Pentax-M 135 ya f/3.5 ina gramu 270, ilhali ndugu yake wa 200 ana 405 na hutaka angalau 1/250 ukiishika kwa mkono.

Hakikisha pia lenzi inaingia kwenye kamera yako: za Canon FD, kwa mfano, hazifungi moja kwa moja kwenye kamera za Canon za EOS zilizoanza 1987. Kwa wenzangu wa Pentax, tahadharini na Takumar (Bayonet) 135 ya f/2.5, kwa sababu haikupakwa tabaka nyingi za kuzuia mng'ao kama zile za SMC, na bahari yetu ina mng'ao mwingi.

Kazi kubwa ni ukaguzi. Weka pete ya tundu kwenye f/3.5, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, kisha tazama kwa mbele huku ukiiinamisha polepole. Chembe chache za vumbi hazidhuru. Nyuzi nyembamba kama za buibui, hasa pembeni mwa kioo, ni kuvu, hata muuzaji akisema, "Ndugu yangu, hilo vumbi tu." Kuvu ikikaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo, na hakuna usafishaji utakaolirudisha. Utando mweupe nao hufifisha weusi wa picha. Mwisho, weka f/16, sukuma kwa ukucha kile kijiti kidogo cha nyuma ili tundu lifunguke, kisha kiachie: mabapa yanayolibana tundu yafunge papo hapo. Yakijikokota, huenda yameingia mafuta, na kila picha itapata mwanga kupita kiasi.

Ukishainunua, usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Iweke katika kopo la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, na ubadilishe vipakiti hivyo mapema mvua za masika zinapoanza.