Simba wa shilingi

Ndani ya kasha la bibi, chini ya kanga alizokuwa akiziweka tu bila kuzivaa, tulikuta kifuko chenye pesa saba za shaba. Zimechorwa mizani, na mwaka umeandikwa 1299 wa Hijria, yaani 1882, enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Pesa kwa maana yake ya mwanzo: sarafu ndogo ya shaba, si kila kitu kinachotoka benki.

Lakini aliyokuwa akiihadithia haikuwamo. Ni noti ya rupia. Serikali ya Zanzibar ilianza kutoa rupia zake za karatasi mwaka 1908, zikiwa na jahazi na watu wanachuma karafuu. Bibi aliziona mkononi mwa baba yake kila msimu. Kenya na Uganda walishaiacha rupia, wakashika shilingi tangu 1921. Sisi tuliendelea na yetu mpaka tarehe 1 Januari 1936, tulipoungana nao na Tanganyika kwenye shilingi ya Afrika Mashariki.

Bibi alikuwa na miaka kumi hivi. Alitumwa dukani, akarudi na chenji mpya: upande mmoja kichwa cha mfalme wa Uingereza, upande wa pili simba, na nyuma yake milima. Baba yake akaigeuzageuza. "Simba wa wapi huyu?" Swali la haki. Unguja na Pemba hatuna simba, na milima ndiyo kabisa. Chui Unguja alikuwapo, na huyo watu walisema anafugwa na wachawi.

Rupia mbili zilibadilishwa kwa shilingi tatu. Kwa hiyo rupia moja, kwa hesabu ya bibi, ilikuwa "shilingi na thumni". Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka. Thumni kwetu ni senti hamsini, nusu ya shilingi, lakini neno lenyewe kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Nane ya nini? Ya reale, fedha ya kabla ya rupia! Bibi alikuwa akipima fedha iliyokufa kwa jina la fedha iliyokufa kabla yake, na wala hakukosea hesabu.

Juzi nilimpigia mama kumkopa. "Sina hata thumni," akanijibu. Nikamuuliza: ya reale au ya shilingi?

Akakata simu.