Kovu Langu na Vioo Viwili

Nilipotaka kujichora kwa rangi za mafuta, kila niliyemwomba ushauri aliniambia nijipige picha kwa simu kisha niinakili. Nilitii, nikaambulia pua iliyoutangulia uso mzima, kwa sababu kamera ikiwa karibu hukuza kilicho mbele na kuyasogeza masikio nyuma. Nikaifunika kazi hiyo kwa rangi nyeupe, nikageukia kioo.

Kioo nacho kilinifedhehesha. Nilifumba jicho moja, nikafuatisha umbo la uso wangu juu ya kioo kwa kipande cha sabuni, nikalipima kwa rula na kulihamishia kwenye turubai kwa uaminifu wote. Kikatokea kichwa cha mtoto juu ya mabega ya mtu mzima. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikapima tena, kipimo kikawa kilekile. Siku mbili zilipita kabla sijang'amua kwamba alama ile huwa nusu ya uso wenyewe, usimame karibu au mbali, kwa kuwa kioo kiko katikati kabisa baina yako na yule unayemwona ndani yake. Siku hizi nazidisha kwa mbili, basi.

Picha ilipokamilika, mama aliitazama kwa muda, akasema, “Mwanangu, huyu amefanana nawe, lakini si wewe.” Kovu langu la shavu la kushoto, nililolipata kwa kuanguka mwembeni, lilikuwa limehamia kulia. Nikajitetea kwa Van Gogh, mchoraji Mholanzi aliyejikata sikio la kushoto mwishoni mwa mwaka 1888, ilhali katika picha alizojichora mwaka 1889 bandeji iko kulia, kwani naye alijitazama kiooni. Mama hakumjua Van Gogh wala hakumjali.

Ndipo nikamwendea fundi vioo, akanikatia vipande viwili kwa bei isiyofika elfu ishirini, nikavisimamisha vikutane sawasawa na skwea ya seremala. Kinachogeuzwa na kioo kimoja hugeuzwa tena na cha pili, na pale katikati nilimwona, kwa mara ya kwanza, mtu ambaye majirani humsalimu kila siku. Pembe ikiteleza kidogo tu pua huharibika, kwa hiyo nilivibana kwa matofali. Kuchana nywele mbele ya vioo hivyo ni mateso, maana mkono huenda usikotarajia.

Mama alipoletewa picha ya pili alilitambua kovu mara moja, akafurahi, kisha akauliza kwa nini nina mstari mwembamba kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Ulikuwa ni ule mfuo ambapo vioo vinakutana. Nilikuwa nimeuchora kwa makini sana, na kivuli chake.