Nusu saa ya Jumanne

Ijumaa, saa nne usiku. Ndiyo kwanza nimemaliza kujaza fomu ya saa za wiki. Kila nusu saa lazima iwe na namba ya mradi, maana kuna mteja anayeilipia. Jumanne alasiri imebaki nusu saa nisiyokumbuka nilifanya nini. Nimeikodolea macho dakika kumi, kisha nikaiandika "utawala", kapu letu la kila kisicho na mwenyewe.

Mdogo wangu anataka kuomba kazi kwenye kampuni kubwa ya ushauri kama hii yetu. Leo mchana kaniuliza, "Dada, kwani kuna faida?" Nikamwambia ipo. Halafu nikajikuta sina la kuongeza.

Kujifunza kupo, hilo silikani. Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kiwanda cha saruji nikiwa sijui saruji hupikwa. Kumbe hupikwa hasa: mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwenye tanuri refu linalozunguka, joto lake likifika nyuzi 1,450 hivi. Na tanuri hilo halipendi kuzimwa. Kila likipoa na kuwashwa upya, matofali ya ndani hupata nyufa, na mafuta ya kulirudishia joto huungua bila kutoa hata mfuko mmoja.

Haya yote nilielezwa na fundi wa zamu, mzee mpole, tukiwa tumesimama kwenye vumbi. Alisema matengenezo madogo madogo yangekusanywa yafanywe kwa mpigo mmoja, tanuri lingezimwa mara chache. Nikayaweka kwenye slaidi ya saba, nikachora na mchoro. Mkurugenzi alisifu sana. Nilipomwambia mzee, alicheka: "Mwanangu, hayo nimeyasema miaka." Ila yeye hakuwa na slaidi, wala mtu aliyelipwa kumsikiliza.

Sijui hata leo kama ushauri ule ulifuatwa. Wiki ya kumi na moja mkataba uliisha, nikahamia benki. Hapo ndipo pananiuma kuliko kukesha, kuliko kuishi ndani ya sanduku la nguo. Unapanda mbegu shamba la watu, kabla haijaota umeshaitwa kwingine.

Mshahara ni mzuri. Wenzangu ni wakali wa akili, na ukikwama usiku wa manane yuko wa kukukwamua. Nimejifunza pia kuanza na jibu, sababu zifuate, mtindo uliosambazwa na Barbara Minto aliyekuwa kampuni ya ushauri ya McKinsey. Siku hizi hata mama namwandikia hivyo: "Siji Jumapili. Sababu ni tatu." Hakufurahi.

Upande wa pili ni hesabu. Wabia wachache, yaani wakubwa wenye hisa za kampuni, huleta kazi, sisi wengi wa chini tunaifanya, na faida hutokana na saa zetu zinazolipiwa. Asiye na mradi tunasema yuko ufukweni. Jina tamu, ila huko hakuna anayeota jua. Unakaa ukihesabu siku, ukijua tathmini inakuja na kwamba asiyepanda cheo kwa muda wake huonyeshwa mlango kwa adabu nyingi. Nimeona wawili wakiagwa kwa keki.

Mdogo wangu ana miaka ishirini na tatu na hapendi kukaa mahali pamoja. Huenda miaka miwili ya namna hii ikamfaa. Mimi naingia wa nne, na nimeanza kuwaonea wivu watu wanaokarabati kitu kilekile kila mwaka.

Namba ya yule fundi bado ninayo. Kesho nitampigia, nimuulize tanuri linazimwa mara ngapi siku hizi.