Mfuko wa Kitanda cha 11

Ilikuwa Mei, masika yamekolea, na wodi ya watoto ya ile hospitali ya wilaya, pwani ya Tanzania, ilikuwa imelaza watoto wawili wawili kila kitanda. Karibu wote malaria. Wa kitanda cha 6 aliletwa saa tatu usiku: miaka miwili, kilo 10, viganja vyeupe pee, anapumua haraka na mbavu zinaingia ndani. Kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kikasoma gramu 3.8 kwa desilita. Mtoto aliye chini ya 4 anaongezewa damu bila mjadala. Aliye kati ya 4 na 6 unamtazama kwanza: anapumuaje, ana fahamu kiasi gani. Huyu hakuwa wa kutazamwa. Damu nzima ni mililita 20 kwa kila kilo, kwa hiyo 200, ziingie kwa muda wa saa tatu hadi nne.

Kosa lilianza kabla sijagusa kitu. Mhudumu aliyetumwa maabara alirudi na mifuko miwili kwenye trei moja, maana kitanda cha 11 nacho kilikuwa kinasubiri damu. Alifanya hivyo kwa huruma, asitupotezee muda kwa safari ya pili kwenye mvua. Lakini damu hufuatwa ya mgonjwa mmoja kwa safari moja, na sababu yake niliiona usiku ule: watoto wale wawili walifanana jina lao na jina la baba. Huku kwetu majina hurudi rudi katika kila nyumba. Anayewatenganisha ni babu. Na kwenye plasta tuliyokuwa tumewazungushia mkononi, babu hakuwepo. Nafasi iliisha, aliyeandika akaishia kwa baba.

Nilichukua mfuko wa juu. Nikatoboa kwa mpira wa damu, ule wenye chujio, nikajaza kile kichupa cha matone hadi nusu, nikateremsha damu mpaka hewa yote ikatoka. Nikamuuliza mama, "Huyu ndiye fulani?" Akaitikia ndiyo. Ncha ya mpira ilikuwa mkononi mwangu, sentimita chache kutoka kwenye kanula, kile kimrija kilichochomekwa kwenye mshipa wake, na mtoto anakoroma.

"Sista, subiri," akasema muuguzi mkubwa wa zamu. "Tusome."

Nilimjibu kwamba mtoto amezidiwa. Hakubishana. Alifunga kigurudumu cha mpira, akanipa fomu ya damu ya mtoto huyu nishike, yeye akashika mfuko, akamgeukia mama. Hakumtajia jina. "Mama, mtoto wako anaitwa nani? La baba? La babu je?" Hapo ndipo nilipojua nilivyokosea. Mama aliyekesha siku mbili ukimtajia jina ataitikia tu. Ukimwacha alitaje mwenyewe, atakupa lililo lake.

Akataja yote matatu. Jina la babu kwenye mfuko lilikuwa jingine. Namba ya jalada kwenye fomu iliishia na 386, kwenye mfuko 391. Fomu ilisema kundi O, mfuko ulisema B.

Damu ile haikuwa na kasoro. Ilikuwa imepimwa Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, tarehe yake ilikuwa mbele, haikuwa na mabonge wala rangi ya zambarau, mfuko hauvuji. Ila ilikuwa ya mtoto wa kitanda cha 11. Mwenye kundi O ana kinga za kushambulia A na B tangu utotoni, bila kuongezewa damu hata mara moja. Tangu Karl Landsteiner alipoyatambua makundi haya kule Vienna, mwanzoni mwa karne ya 20, jambo hilo linajulikana. Seli za B zikiingia kwa mwenye O hupasuka ndani ya mishipa. Mililita chache zinatosha kuanzisha balaa, figo zikaziba na presha ikaanguka.

Na kuna jambo la wodi ya malaria ambalo kila anayefanya kazi hiyo anapaswa kulibeba kichwani. Dalili za damu isiyolingana ni homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo, mkojo mweusi. Mtoto wetu alikuwa na homa ya nyuzi 39 tayari. Mgongo ungemuuma asingeweza kusema. Hata mkojo kuwa mweusi, malaria kali yenyewe huweza kuuleta. Tungesema ugonjwa umemzidi, na tungeendelea kudondosha.

Muuguzi mkubwa akaupeleka mfuko ule, na mpira wake, kitanda cha 11. Huko nako akasoma upya kila kitu, tangu kumuuliza mama. Mimi nikachukua mpira mpya. Saa ilikuwa inatutazama, kwani damu ikitoka kwenye friji inatakiwa ianze ndani ya dakika 30, na tangu ianze isizidi saa nne. Tulikuwa bado na muda. Kusoma kote kulichukua chini ya dakika tatu.

Dakika 15 za kwanza sikutoka kitandani. Niliachia matone polepole, nikapima mapigo, pumzi na joto, nikaandika. Baada ya hapo tukaongeza hadi matone 17 kwa dakika, maana mipira yetu ilikuwa ya matone 20 kwa mililita. Bibi yake alitaka mfuko uloweshwe kwenye maji ya moto ili mtoto asipate baridi. Tulimkatalia kwa upole: maji ya moto huua seli, na damu inayokwenda taratibu namna ile haihitaji kupashwa.

Ilipofika saa tisa alikuwa amemaliza. Alfajiri alikojoa kwenye kopo, mkojo wa njano, akaomba uji.

Kabla ya kukabidhi zamu tulizunguka kitanda kwa kitanda tukibandua plasta na kuzungushia nyingine, ndefu zaidi, majina matatu na namba ya jalada. Kwenye kila moja tulianza na la babu.