Ukuta wa nyuma ya kabati

Dalali wa kwanza tuliyemleta alipita sebuleni bila kusema kitu, akachungulia vyumba, kisha akaenda moja kwa moja jikoni na kufungua kabati la chini ya sinki. Harufu ya ukungu ilimkuta usoni. Akalifunga.

"Mama, nyumba nzuri, kiwanja kizuri, lakini jiko hili litakushushia bei," akasema. "Mteja akija na mkewe, mkewe ataanzia huku. Weka makabati mapya, meupe, yanayong'aa. Wiki moja kazi imekwisha, mimi nakuletea wateja."

Mama hakumjibu. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mkongojo mkononi, akiutazama ule mlango wa kabati uliokuwa umevimba pembeni kiasi cha kutofunga sawasawa. Ilikuwa 2018. Magoti yalikuwa yamemshinda, muziki wa baa za jirani ulikuwa unamkosesha usingizi, na dada yangu alikuwa na chumba kinamsubiri Kibaha. Uamuzi wa kuuza ulikuwa wake mwenyewe; sisi watoto tuliusikia tu.

Nyumba hiyo iko Sinza, Dar es Salaam, si mbali na kituo cha Kwa Remmy. Kiwanja kilikuwa kimojawapo cha vile vya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, wakati Serikali ilipopima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kulaza mabomba, halafu ikagawa viwanja ili watu wajijengee wenyewe. Mama alikuwa muuguzi. Alijenga kwa mshahara wake na mkopo wa Benki ya Nyumba, chumba baada ya chumba, na saruji ya kiwanda cha Wazo ilipoadimika alisubiri kama walivyosubiri wenzake. Jiko lilikuja mwisho kabisa. Alimwita fundi kutoka Keko, mtaa wa maseremala, akanunua mbao za mninga zilizotoka Tabora, na fundi akampima akiwa amesimama huku amekunja kiwiko, akaweka alama ya penseli ukutani. Meza ya jiko ikawa na kimo cha sentimita 82 kutoka sakafuni. Kwa mtu mwingine ni chini mno. Kwake ilikuwa sawasawa kabisa. Nimekula kwenye meza hiyo, nimefanyia kazi za shule juu yake, na unga wa ngano ulikuwa hautoki kwenye maungio yake hata ufute vipi.

Kilichooza hakikuwa mninga. Katikati ya miaka ya 1990, milango na mashelfu ya chini ya sinki yalipochakaa, pesa ilikuwa ndogo na mafundi wengi walikuwa wakisifia chipbodi, yaani vumbi na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa karatasi ngumu inayong'aa. Kwenye kabati la nguo chumbani haina neno. Chini ya sinki ni shida tupu. Maji yakipenya kwenye ukingo uliobanduka, chembe za mbao hunywa na kuvimba, gundi inaachia, na hata ukiikausha haisinyai kurudi ilivyokuwa. MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, nayo ina tabia hiyo hiyo, na ndiyo ambayo dalali alitaka tuiweke jiko zima.

Dada aliunga mkono dalali. Alikuwa na picha kwenye simu: majiko meupe, vishikio vya chuma, taa chini ya kabati za juu. Sikumlaumu, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka Mama hospitali na alitaka jambo liishe. Mimi nilitaka mninga ubaki na tubadilishe kilichooza tu. Tulibishana mezani hadi Mama akatukata: "Hamjui kilichoko nyuma mnabishania rangi. Leteni fundi avunje kwanza tuone."

Fundi tuliyempata alikuwa mtu mzima, kazi kajifunzia Keko, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimepungua pingili moja. Alimwamkia Mama, akaomba tochi, akapiga magoti. Aligonga fremu kwa kifundo cha kidole, mahali kwa mahali, akisikiliza. Kisha akachukua patasi, akakwangua upande wa ndani ambako hakuna aonaye, na chini ya uchafu wa miaka mingi ikatokea rangi ya hudhurungi yenye mistari myekundu.

"Bi mkubwa, hii nani kakuambia utupe?" akauliza. "Mninga wa ukubwa huu leo nikikutafutia utauza kiwanja kwanza."

Alituonyesha tofauti ambayo sikuwa nikiijua. Mbao ya nje ya mti wa mninga, ile nyeupe, hutobolewa na wadudu kwa urahisi. Ya moyoni ndiyo inayodumu, haipindi wala haisinyai sana inapokauka. Fundi wa kwanza alikuwa ametumia moyo mtupu, hata kwenye vipande vidogo vya nyuma ambavyo angeweza kuiba na Mama asijue milele. Mzee huyu aliendelea kupitisha kidole kwenye maungio aliyochonga mwenzake asiyemjua, na kila alipofika kwenye pembe alisema, "Huyu alikuwa fundi."

Kabati la sinki lilipotolewa, ukuta ulionekana. Lipu ilikuwa imelowa kutoka sakafuni hadi karibu na magoti, chumvi nyeupe imetoka juu yake kama unga, na ulipoigusa ilianguka vipande vipande. Tukaita kijana wa bomba. Alichimba kidogo tu akafika: bomba la chuma lililolazwa ukutani tangu nyumba inajengwa, limeliwa na kutu kwa ndani, na kwenye kiungo chake maji yanatoka taratibu, tone baada ya tone, usiku na mchana.

Nilimuuliza kwa nini livuje sasa baada ya miaka yote hiyo. Jibu lake lilinifanya nione tatizo upya. Zamani, akasema, maji Sinza yalikuja kwa mgao, tena kwa unyonge, na bomba bovu lingeweza kuishi hivyo miaka na miaka. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini ulipopanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, maji yalianza kuja mara nyingi zaidi na kwa nguvu, na mabomba ya zamani ndani ya nyumba za watu yakaanza kusalimu amri. Alikuwa amebadilisha mengi mtaani kwetu.

Dalali alipita jioni hiyo kuona tumefikia wapi. Aliutazama ukuta, akashusha sauti ingawa Mama alikuwa hapo hapo. Ushauri wake ulikuwa huu: kijana akaze kiungo, fundi apige nailoni nzito ukutani, kabati jipya lenye mgongo lirudishwe juu yake, rangi ipakwe. Kabati likishakaa nani ataona? Tayari alikuwa na mteja anayetaka kuja kabla mwezi haujaisha.

Mama alivuta kiti akakaa. Hakupandisha sauti. Alimuuliza, "Huyo mteja ana watoto?"

"Anao, mama."

"Basi bomba litapasuka na watoto wake wamelala humu, na mimi niko Kibaha nimekula pesa yake." Akamgeukia kijana wa bomba. "Baba, fumua ukuta wote. Mpaka lilikoanzia."

Nilijivunia mama yangu siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ninayoikumbuka. Si kwamba pesa ilikuwepo. Kufumua ukuta kulimaanisha kukata vigae, kubadilisha njia nzima ya maji kutoka kwenye koki kuu ya nje, na kungoja. Kijana alilaza mabomba ya PPR, yale ya plastiki ngumu yanayounganishwa kwa kuchomwa na mashine ya moto hadi yanashikana kuwa kitu kimoja, yasiyojua kutu. Kazi hiyo haikuchukua muda. Kilichochukua muda ni ukuta kukauka. Fundi seremala aligoma kurudisha hata ubao mmoja kabla ya hapo. Alikuwa akija, anaweka kiganja ukutani, anatikisa kichwa, anaondoka. Mteja wa dalali akanunua nyumba nyingine Kijitonyama. Dada alinuna, halafu akanyamaza, halafu siku moja akaja na feni yake kutoka Kibaha akaielekeza ukutani.

Ukuta ulipokauka na kupigwa lipu upya, kazi ya mbao ilianza uani chini ya mwembe. Randa ilipopita juu ya mninga ule wa zamani, maranda yalitoka mapana na mekundu, na vumbi lake likatupigisha chafya sote; vumbi la mninga haliwataki wenye vifua vyepesi, na Mama alihamishiwa kwa jirani. Fremu zilibaki zile zile. Chini ya sinki fundi aliweka plaiwudi inayostahimili maji, akaiziba kingo zote kwa vanishi, hata tundu la bomba, na kulinyanyua kabati juu ya miguu mifupi ili hewa ipite na mtu aweze kupiga deki. Mgongo hakuuziba wote. Aliacha kidirisha cha kutoa na kurudisha, ili yeyote atakayekuja baadaye aweze kuona kiungo cha bomba kwa tochi bila kuvunja kitu. Milango alitengeneza mipya, na hapo dada alipata rangi yake nyeupe.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuja kwenye kimo. Fundi aliuliza meza irudi pale pale au iende 90, kimo ambacho majiko mengi ya sasa hutengenezwa. Nilidhani Mama atasema iachwe. Alikuwa bado anapika humo.

"Ipandishe," akasema. "Iliyokuwepo ilikuwa yangu. Hii siyo yangu tena."

Ikapandishwa, na kwa muda wote uliobaki Mama alipikia akiwa amekanyaga kibao kipana ambacho fundi alimtengenezea kwa mabaki, akakipiga msasa hadi kikawa laini. Alikikanyaga kila siku asubuhi na jioni bila kulalamika.

Bawaba na vishikio alienda kununua mwenyewe Gerezani, nikimshika mkono kwenye msongamano ule, na kila duka alidai risiti ya mashine. Muuzaji mmoja alimwambia bila risiti atampunguzia. Mama alimwambia apunguze na risiti aitoe. Alikuwa na sababu zaidi ya ukaidi: mkazi wa Tanzania akiuza nyumba kwa kawaida hutozwa asilimia 10 ya faida, na katika kuikokotoa faida hiyo huondolewa kwanza gharama za kujenga na kuboresha. Lakini gharama lazima iwe na karatasi. Alizikusanya zote kwenye bahasha ya kaki, pamoja na zile za bomba.

Walionunua hawakuletwa na dalali yule. Walikuwa mtu na mkewe, walimu wote wawili, wamesikia kwa jirani. Mume alitaka kuona hati na mipaka. Mke alienda jikoni, na kweli, alianzia huko. Kabla hajauliza lolote Mama alinitaka nimwonyeshe picha nilizopiga ukuta ukiwa umefumuliwa, bomba la kutu likiwa bado mahali pake, kisha bomba jipya. Alimweleza yote: lilivuja wapi, lilianza lini kwa kadiri ajuavyo, nani alitengeneza. Yule mke alipiga magoti, akafungua kidirisha, akaingiza mkono, akaushika ukuta muda mrefu.

"Shikamoo mama," akasema akiinuka, maana kwenye pilikapilika za kuingia alikuwa amesahau. Bei walipatana wiki ile ile, chini kidogo ya tuliyotarajia. Dada aliona tungeweza kupata zaidi. Huenda.

Siku ya kukabidhi funguo, malipo yakiwa yamekwisha kwa wakili, Mama hakutaka kuzunguka vyumba. Alimchukua yule mwalimu hadi nje, kwenye koki kuu iliyo kando ya ukuta wa jirani, akamwonyesha kwamba hiyo inakaza kidogo mwanzoni, usiilazimishe, irudishe nyuma robo halafu izungushe. Akamfanyisha mwenyewe mbele yake. Mara ya kwanza iligoma, mara ya pili ikazunguka.

"Na namba ya fundi?" yule mwalimu akauliza.

Nikamtajia, akaiandika.